Bizwick Nsanjama, Aliyenigeuza Ukutani

Mchungaji, shemeji zangu, majirani wa Namisale. Mimi ni Malita, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu ndugu zetu wengine wameshatangulia. Karatasi mlizoshika zilichapishwa jana. Nitazisoma kama zilivyo, halafu mahali fulani nitaziacha, maana asubuhi hii yametokea mambo na kichwa changu hakijatulia. Mtanivumilia.

Marehemu Bizwick Nsanjama alizaliwa hapa Namisale, wilaya ya Zomba, tarehe 3 Machi 1951. Hivyo ndivyo kitambulisho kinavyosema. Mama alisema alizaliwa mwaka wa njaa kubwa, na njaa ilikuwa 1949. Nilipomuuliza mwenyewe alinijibu, "Chagua wewe, mimi siku hiyo sikuwa na kalenda." Tumeandika 1951 kwa sababu msalaba ulikuwa umeshaandikwa.

Alisoma shule ya misheni iliyo ng'ambo ya mto kuanzia 1958 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1966. Akiwa darasa la tano alimchora mwalimu mkuu kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, tumbo lote na miwani yote. Alichapwa viboko sita, akaamriwa kuufuta. Mwalimu mkuu alikwenda kukagua, akaitazama ile picha kwa muda, akasema, "Futa tumbo tu."

Mwaka 1968 alianza kazi ya kuandika mabango. Vichwa vya kinyozi mnavyoviona sokoni ni vyake, na jogoo wa mgahawani, na jeneza lililochorwa mlangoni kwa fundi seremala, ambalo alilitia tabasamu mpaka fundi akagomba. Baada ya nchi kupata vyama vingi aliacha kuchora vya biashara, akaanza kuchora kuta za watu wote. Alichora wajane wanaonyang'anywa mashamba, alichora karani wa mahindi anayeficha mkono mmoja nyuma, alichora namna ya kukunja karatasi ya kura. Kila mahali alikuwa na masharti yake. Hakuna rangi iliyogusa ukuta kabla ya watu kukaa na kukubaliana. Makopo mawili yaliwekwa nyuma ya pazia, kila mtu akapewa punje moja ya mahindi, akaenda kuitumbukiza: kopo la kushoto ndiyo, la kulia hapana. Kaka naye alikuwa na punje moja tu. Mara nyingi alishindwa, na alichora walichotaka wao, amenuna.

Alifunga ndoa na Esnart Namalomba tarehe 12 Agosti 1978, akahamia kijijini kwa mke wake kama desturi yetu ilivyo, ndiyo maana leo tumemfuata huko na kumrudisha kwa mama yake. Walijaliwa watoto wanne. Wa mwisho, Mavoti, alizaliwa tarehe 14 Juni 1993. Hapo kwenye karatasi zenu imeandikwa tarehe tu. Mimi nitaisema yote, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo iliyonileta hapa na macho yamevimba.

Siku ile ndiyo tuliyoulizwa kama tunataka chama kimoja au vingi. Mimi na kaka tulipanga foleni tangu saa kumi alfajiri, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Saa nne akaja mtoto wa jirani anakimbia: Esnart ameshikwa na uchungu. Mkunga wa kijiji nilikuwa mimi. Kaka akaniambia, "Nenda, Malita. Nafasi yako naishika." Nikaenda. Mavoti alitoka jioni, ametanguliza miguu, na siku nyingine nitawaeleza. Nilikimbia kurudi, taulo bado begani, nikakuta sanduku limefungwa na kaka amekaa chini anakula muhogo. "Nafasi yangu iko wapi?" Akaniambia, "Nilimpa bibi mmoja, mguu ulikuwa umemvimba."

Bibi gani? Hakumjua jina. Nimepiga kura nyingine zote tangu hapo, lakini ile ya kwanza, ya kuamua kama tutakuwa tunaulizwa au hatutaulizwa, sikuipiga, na nilimkumbusha kila Krismasi kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa anasema, "Dada, bibi mwenyewe keshakufa, nimfufue?"

Sasa ukuta. Wote mnaujua ukuta wa soko, ule mrefu wa foleni ya kupiga kura, aliouchora mwaka 1999. Waliomo ni sisi wenyewe, tumepanga mstari tunawatazama wapita njia. Mimi alinichora mkiani kabisa, na taulo langu, nimechelewa. Mwaka 2003 mama Nagama muuza mandazi alipofariki, watoto wake waliomba afutwe, kwani kila wakienda kununua chumvi mama yao anawakodolea macho. Wengine wakasema mtu hafutwi. Makopo yakawekwa. Punje zikaamua kwamba asifutwe, ageuzwe. Kaka akamgeuza, akabaki mgongo na kanga yake. Tangu hapo kila aliyefariki aligeuzwa, na siku ya matanga sisi tulikwenda kutazama.

Machi mwaka huu marehemu alianza kukwamwa na chakula kooni. Hospitali walisema ni kansa. Kufikia Juni sauti ilikuwa imekwisha. Alhamisi tarehe 28 Julai alimwita mwendesha baiskeli, akapandishwa na makopo yake mpaka sokoni, akachora asubuhi mbili mfululizo. Hakukaa na mtu, hakuuliza mtu, punje hazikutumbukizwa. Yeye, jamani. Hilo nalo lilinichanganya.

Jumamosi nikiwa nafagia uwanja akaja Triza muuza nyanya, na sahani ya unga kichwani kama mtu anayekuja msibani. Aliponiona alisimama pale pale.

"Dada Malita, upo?"

"Niwe wapi?"

"Hapana, nilikuwa... nimekuletea unga."

"Unga wa nini?"

"Wa kula tu."

Nikamkazia macho mpaka akasema. "Umegeuzwa ukutani. Tena umesogezwa mbele kabisa, umewapita marehemu wote."

Mpaka Jumatatu nilikuwa na sahani tano za unga. Mkwe wangu alipiga simu kutoka Blantyre, nilipopokea akakata. Nikaenda kwa kaka, nikasimama kitandani pake. Nilisema mengi. Nilimuuliza kama ugonjwa umemfika kichwani. Nilimuuliza kama ndiyo malipo ya Krismasi zote zile. Alitaka kucheka, akakohoa, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: Nenda ukaone.

Sikwenda. Nani anakwenda kutazama kifo chake? Wiki tatu nilizunguka njia ya kanisani ili nisipite sokoni. Kila nilipomtembelea alinionyesha ile karatasi, nami niliigeuza juu chini nikazungumza mambo ya uji. Alifariki Jumapili tarehe 21 Agosti 2022, saa tisa alasiri, Esnart akimshika mkono, na karatasi ikiwa chini ya mto.

Hapo ndipo karatasi zenu zinapoishia. Zinasema pia kwamba marehemu alichanganyikiwa siku za mwisho. Niliyeandika hivyo ni mimi. Naomba mkate mstari huo.

Asubuhi hii tumemleta kwa miguu, na njia inapita sokoni. Wajukuu wa ukoo, hao waliochimba kaburi na ambao kazi yao ni kututania hata tukiwa na jeneza, walisimama mbele ya ukuta wakaliweka chini. Nikawaambia waendelee. Saizi, mkubwa wao, akasema, "Bibi Malita, mzigo umekuwa mzito. Mpaka utazame."

"Saizi, sina utani leo."

"Hata yeye hana. Tazama, tuzike kabla ya mvua ya mwaka ujao."

Nikainua macho.

Mkiani pangu hapana mtu, amepaka rangi ya ukuta. Mimi niko mbele kabisa, taulo begani. Ndiyo, mgongo. Lakini marehemu wetu mikono yao imelala, na mkono wangu umeinuka, una karatasi, na nusu ya karatasi imeshaingia kwenye sanduku. Mtu hawezi kutumbukiza kura huku anatazama soko. Nyuma yangu yuko yeye mwenyewe, amesimama na vile viatu vyake vilivyopakaa rangi, anawatazama wapita njia, na mikono ameitanua pande zote mbili ili mtu asiingie katikati. Baada yake yuko bibi mmoja nisiyemjua, mguu umevimba.

Triza alikuwa pembeni yangu. Akasema, "Mimi niliona mgongo tu, dada. Nikakimbia." Mimi hata mgongo sikwenda kuuona. Kaka yangu aliishika nafasi yangu wiki tatu nzima akinisubiri niende nikaone, nami nilikuwa nazunguka kanisani. Hilo linaniuma, na sijui nilipeleke wapi.

Siku ya matanga ni lazima naye ageuzwe. Mavoti amesema atachora, nami nitamshikia kopo. Tutaweka mahindi kwanza, kama alivyotufundisha, tuulizane kama mikono yake ishuke au ibaki imetanuka. Punje yangu mnaijua.

Marehemu ameacha mjane, Esnart. Watoto wanne, Lyson, Fainesi, Dailesi na Mavoti. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada mmoja, ambaye yu hai, akina mama mliokuja na unga, na uliobaki ameupikia msiba huu.

Kaka, nimekwenda, nimeona. Mungu akupumzishe mikono.