Kijana wa Ngazini

Benchi langu lina miguu mitatu na tofali moja, na bado linabeba uongo wa mtaa mzima. Liko kati ya jiko langu la kahawa na saluni ya kinyozi. Mimi wananiita Mama Birika. Kinyozi tunamwita Kamanda, kwa sababu jeshi lilimkataa kwa nyayo bapa lakini yeye hajalikataa jeshi mpaka leo. Jana jioni alitufungulia runinga yake kubwa mle saluni, tukatazama filamu ya vita vya mjini, ile inayosifiwa kwamba haikutiwa chumvi hata chembe. Leo wamewahi kuliko kawaida: Kamanda, Dalali wa nyumba, na dobi wetu, Mzee Mstari, ambaye suruali yake ukiigusa vibaya inakukata. Mstari ana mwana mmoja tu, askari, yuko ugenini kwenye mji wenye vita kama vile vya filamu, na simu yake imekuwa kimya. Kahawa ilimpoa mkononi na hakuna aliyethubutu kumtania.

— Vita gani vile, havina hata muziki? alianza Kamanda. Watu wanahema tu. Wanaulizana maji.

— Ndiyo ukweli wenyewe huo, akasema Dalali. Mimi kilichoniuma ni nyumba. Vyumba vitatu, choo ndani, dirisha linatazama barabara, halafu mtu anatoboa ukuta kwa nyundo apite kwa jirani. Kwani mlango una ugonjwa gani?

— Mlangoni wanakungoja, Dalali. Vita vya mjini, ukuta ndiyo njia.

— Nyie mnaongea kuta, nikasema. Mimi niliona sufuria ya watu inaungua jikoni na wenyewe wameshakimbia.

Mstari akainua kichwa.

— Yule kijana wa ngazini, alisema. Aliyetumwa juu peke yake, kule gizani. Alipofika kwenye kona mlio wa risasi ukalia, mimi nikatoka. Alikuwa amekunja mikono ya shati vile vile ninavyomkunjia wangu. Sikuweza kubaki. Alipona?

Tukatazamana.

— Alipona, nikasema haraka.

— Alipona kabisa, akadakia Kamanda. Mpigaji si alikuwa jengo la pili? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Risasi ikachoka njiani.

— Risasi huchoka?

— Mzee, kila kitu huchoka.

— Halafu akaruka dirishani, akasema Dalali, akatua kwenye tangi la maji. Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Akatulia humo mpaka maadui wakasahau walikuwa wanamtafuta nani.

— Si risasi ilikuwa imechoka? Anaruka ya nini?

— Ndiyo akapata nafasi ya kuruka.

Nikaona wanazama, nikatupa kamba.

— Akaokolewa na mama mmoja wa ghorofa ya tatu, nikasema. Akamficha kabatini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule mjini hakuna jembe, akampa ndoo, kijana akatoka kama mchota maji.

— Alikuwa tangini au kabatini?

— Tangi lilikuwa kabatini, akajibu Dalali, naye ni mtu aliyewahi kupangisha stoo akaiita chumba cha wageni.

— Na akapandishwa cheo, akamalizia Kamanda.

Mstari alitupitia kwa macho mmoja mmoja kama anayetafuta doa kwenye shati jeupe. Kabla hajalipata, mke wa mwanawe akatokea kwenye kona anakimbia, simu mkononi, ndala mguu mmoja.

— Shikamoo, baba. Amepiga.

— Nani?

— Mwanao. Ni mzima. Minara ya simu ya kule ilizimwa, imewashwa leo. Wamehamishiwa nje ya mji, wanalinda ghala la unga. Anasema vita vyake siku hizi ni yeye na panya.

Kikombe kilimponyoka Mstari na hakukitazama. Alikaa, akasimama, akakaa tena, akamshika mkwewe mkono. Nilifurahi mpaka nikafuta macho kwa kitambaa cha birika, masizi na yote.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Kamanda, na tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza methali yake kukaa mahali pake.

— Kasema nini tena? akauliza Mstari.

— Nilimwambia ulivyotoka jana kwenye filamu umenyong'onyea. Akacheka. Kumbe hata wao walioneshwa kambini, hiyo hiyo. Wakatoka mmoja mmoja, huyu msalani, yule anatafuta kiberiti, mpaka filamu ikabaki na viti. Sasa anauliza, nyie mlioimaliza, yule kijana wa ngazini alipona?

Kamanda akaanza kukagua mkasi wake. Dalali akatoa simu ambayo haikuwa imeita. Mimi nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Kamanda, akasema Mstari taratibu. Si saluni ni yako?

— Nilitoka kidogo kuangalia jenereta.

— Umeme ulikuwepo.

— Ndiyo nilichokwenda kuhakikisha.

— Dalali?

— Mteja alinipigia.

— Mama Birika?

— Mimi nilikuwa nyuma yako, mzee, nikasema. Wewe ulikuwa unatembea. Mimi nilikuwa nakimbia.

— Niliporudi, akasema Kamanda kwa sauti ndogo, viti vilikuwa vitupu na runinga inauliza kama bado kuna mtu anatazama. Nikaizima. Lakini ipo. Naweza kuifungua sasa hivi, pale pale tulipoachia.

Hakuna aliyesimama. Hata yeye mwenyewe.

Mstari akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mwanawe aondoke.

— Mwandikie mumeo, mwanangu. Alipona. Mwambie baba yake ana mashahidi watatu.

— Alipona vipi, baba?

Tukafungua midomo sote watatu kwa pamoja. Mstari akatuzuia kwa kiganja.

— Risasi ilichoka, akasema. Kisha akainama, akaokota kikombe chake, akaninyooshea nimjazie. Birika lilikuwa tupu. Nikaondoka kuteka maji mengine.