Seli za Heriel

Basi la mwendokasi lilikuwa halijatoka kituo cha Msimbazi wakati Celina, muuza vitenge wa Kariakoo, alipomsikia binti wa Kihindi aliyekaa pembeni yake akikariri kutoka kwenye daftari: mtoto akiwa tumboni, baadhi ya seli zake huvuka kondo la nyuma, huingia kwenye damu ya mama, na zinaweza kubaki humo miaka mingi.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Binti, ambaye juu ya daftari lake paliandikwa Shivani, akamwamkia kwanza, kisha akarudia.

"Hata kama mtoto alishafariki?"

"Hata hivyo, mama. Zimewahi kukutwa kwenye moyo, mpaka kwenye ubongo."

Hadi basi linapita Jangwani, Celina alikuwa bado analiangalia lile daftari. Mwanawe, Heriel, aliishi siku nne tu. Alizikwa kijijini Kilema, Kilimanjaro, kwenye migomba ya babu yake, na kwa miaka kumi na tisa Celina amekuwa akipanda basi kila Desemba pamoja na Wachaga wenzake, wao wakienda kula sikukuu, yeye kung'oa magugu kaburini.

"Kumbe muda wote huwa nasafiri naye," alisema.

"Ni seli tu, mama. Seli siyo mtoto," Shivani alisema, kwa upole wa mtu mwenye mtihani kesho.

"Wewe umeshazaa?"

"Bado."

"Basi kariri tu."

Magomeni milango ikafunguka. Celina akainuka, mkoba mkono mmoja, na ule mwingine akauweka kifuani, akashuka taratibu kama mama aliyebeba mtoto aliyelala.