Epiphanie wa Kinanira na Watoto wa Jumamosi

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na ahsanteni kwa kuja. Anayewasomea ni Amélie, binti wa marehemu, na ndiye aliyeandika. Humu atajitaja kwa jina kama anamsema mtu mwingine, maana desturi inataka hivyo, na pia kwa sababu mambo mengine akiyasema kwa "mimi" sauti haitafika mwisho.

Epiphanie Bigirindavyi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955 huko Kanyosha, wakati Kanyosha bado ni mashamba ya mihogo na maharage, mtoto wa tatu wa mzee Astère. Shule ya msingi aliisomea hukohuko, mara nyingi akiingia darasani na mdogo wake mgongoni. Baadaye alisomea uuguzi, akahitimu mwaka 1976. Mwaka uliofuata alianza kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja hapa mjini, na hakutoka humo mpaka miguu ilipomkatalia.

Tarehe 18 Julai 1981 alifunga ndoa na Zénon, karani wa bandarini, mtu wa utani, ambaye wakati wa uchumba alimletea ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa badala ya maua. "Maua hayaliwi," alisema, na Epiphanie akacheka, akamkubali. Walijenga Kinanira. Amélie alizaliwa mwaka 1985, na hakupata mdogo. Machi 1995 Zénon alikwenda kazini asirudi. Vita vilimchukua njiani, akapatikana siku ya pili. Wakabaki wawili. Amélie alikuwa na miaka tisa, na jambo moja alilishika: mama huyu sasa ni wake peke yake.

Weeh! Hakukaa naye peke yake hata miaka miwili.

Januari 1997 aliletwa wodini kijana wa miaka kumi na tatu, Sylvère, mgonjwa wa kisukari, amezimia kwa mara ya tatu. Dawa alikuwa nayo nyumbani, hakujidunga tu. Wengine walimuuliza amekula nini. Epiphanie alivuta kiti, akamuuliza, "Ku shule wanakuita nani?"

"Wananiita Sindano," kijana akasema, na machozi yakamtoka. "Maman, mi nimechoka kuwa Sindano."

Basi Epiphanie akamwambia aje nyumbani Jumamosi. Akaja. Akafuata Ghada wa Buyenzi, binti wa muuza vitambaa, mwenye selimundu. Akaja Jovithe, mwenye kifafa. Kisha Bonfils, Hugues na Danielle. Walikuwa sita, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, siku ambazo risasi hazikuwazuia. Kulikuwa na sheria moja: kila mtu, Epiphanie mwenyewe pia, aanze na habari yake ya wiki isiyohusu ugonjwa. Baada ya hapo ndipo waliposema yanayowala: kama kuna atakayewaoa, kama watafika miaka ishirini, namna wazazi wanavyowachunga mpaka wanakosa hewa. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha bati, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha. Cha Amélie hakikuwepo.

Tuseme ukweli hapa mbele ya jeneza. Amélie aliwaonea wivu. Aliwaonea wivu wagonjwa! Alitamani kulazwa, alitamani kuulizwa wanamwita nani shuleni. Jumamosi moja ya mwaka 1998 alijitupa barazani katikati yao, akitupa miguu, mate yakimtoka. Jovithe alimtazama vizuri, wala hakuacha chai yake.

"We, umesogeza kiti mbele ya kuanguka," akasema. "Mutu wa kifafa haangaliaga pahali ataangukia."

Walicheka wote. Epiphanie alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, kisha akamwinua binti yake: "We uko muzima, mama. Shukuru Mungu." Amélie hakushukuru. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikwenda kwa shangazi yake Kanyosha, na hakurudi mpaka vikombe vimeoshwa.

Julai 2003 mabomu yalipofika Kinanira, mama na mwana walikimbia kwa miguu hadi Buyenzi, nyumbani kwa akina Ghada, wakapokewa vizuri sana. Siku ya pili Epiphanie alianza kulegea na kuomba maji kila saa. Amélie alidhani ni uchovu.

"Sindano yake iko wapi?" Ghada akauliza.

"Sindano gani?"

Ghada akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuunguza Amélie vibaya. Mama alikuwa na kisukari tangu mwaka 2001. Sylvère ndiye aliyeigundua kiu yake, yeye ndiye aliyemfundisha kujidunga tumboni. Wote sita walijua. Wa kumzaa hakujua! Sylvère alikatiza mji siku ileile na chupa yake ya insulini, wakagawana.

Mama alipopata nguvu, Amélie alimuuliza kwa hasira kwa nini alimficha. Epiphanie alijibu polepole: "Nilitaka kubakia na mutu moja ambaye akiniangalia haoni ugonjwa."

Lakini figo zilikuwa zimeharibika. Alifariki Jumamosi tarehe 8 Novemba 2003, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na minane. Hata siku ya kufa ilikuwa Jumamosi yao.

Familia ilipouliza waandikwe watoto gani kwenye programu ya mazishi, Amélie alisema mmoja, akasimamia hapo, na programu mliyoshika inasema mmoja. Jana asubuhi Sylvère alikuja kusaidia kupanga viti. Amélie alimwambia wazi kwamba jina lake halimo. Hakubisha.

"Apana shida," akasema. "We ndiye ulikuwa naye. Unajua habari yake ya wiki ilikuwa nini? Ni we. Kila Jumamosi, miaka sita. Amélie amepata alama hizi, Amélie amekasirika, Amélie amekata nywele. Tulikuwa tunakuonea wivu mpaka tunakuchukia."

Amélie aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia mpaka mchana.

Marehemu ameacha kaka wawili, dada mmoja, na mtoto mmoja wa kumzaa, Amélie. Wenye kalamu waongeze kwa mkono, maana kuchapa upya haiwezekani tena: Sylvère, Ghada, Jovithe, Bonfils, Hugues, Danielle. Wasogee mbele hapa, wasimame na dada yao. Wivu bado anao, msimdanganye kwamba umekwisha, lakini nafasi ipo.

Lala sasa, Maman. Pumzika kwa amani, hatukugombei tena.