Mbuzi Niliyempeleka Kabla ya Kumwuliza Mwanangu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Naona kina mama kule nyuma wameshajiandaa kwa kigelegele. Poleni, akina mama, huu ushuhuda wangu hauna mahali pa kigelegele. Wengi wenu mnajua nusu yake: mnajua nilikuwa mzee wa kanisa hapa Ikutha, nikaondolewa, nikarudishwa. Leo nataka niwaambie ile nusu nyingine. Sababu ni kwamba kuna nyumba moja kati yetu ambayo kijana wao alichukuliwa na polisi Alhamisi, na kosa analoshtakiwa ni lile lile aliloshtakiwa mwanangu. Nimesikia wazee wa ukoo wameshachagua mbuzi. Hiyo nyumba siitaji kwa jina. Wenyewe wananisikia.

Mimi, kama mjuavyo, kazi yangu ilikuwa ng'ombe. Niliwanunua huku chini nikawapeleka soko la Mwingi. Nikimfungua ng'ombe mdomo nakwambia umri wake, na kama muuzaji ni mwongo nakwambia pia. Nilijivuna sana kwa jambo hilo. Sasa sikilizeni jinsi mtu wa kupima meno ya ng'ombe alivyoshindwa kumtazama mtoto wake usoni.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kijana wangu wa kwanza alikuwa mtu mzima tayari, kibarua kule Kiboko kwenye mashamba ya utafiti. Alikuja nyumbani likizo na ovaroli yake ya kijani, ile aliyovaa kazini, na hapa nyumbani hakutaka kuivua. Vijana ni vijana. Ovaroli kama hizo ziliuzwa kila soko siku hizo, lakini hapa kwetu yeye ndiye aliyejulikana nayo.

Jioni moja mjane wa ng'ambo ya mto alikwenda kuchota maji mtoni, pale tunapochimba kwenye mchanga. Mtu alimvamia akamfanyia kitendo kibaya. Ndugu zangu, yule mama aliumizwa kweli. Nasema hivi mapema ili asiwepo mtu hapa wa kudhani nimesimama kumsengenya. Aliumizwa, na alifika kwa watu wake akitambaa. Kwa chifu alisema hivi: mtu ni mrefu, amevaa ovaroli ya kijani, uso sikuuona kwa sababu alinishika kwa nyuma akanifunika na leso yangu mwenyewe. Kesho yake askari walikuja kwangu wakamchukua kijana.

Mimi jioni hiyo sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwenye kamati ya kanisa, tukijadili mabati, nikarudi giza limeingia. Mama watoto ndiye aliyekuwa nyumbani. Na askari walipoondoka na mtoto, aliniambia, "Baba yake, huyu alikuwa na mimi. Jua likizama tulikuwa tunaingiza mbuzi pamoja, kisha akakaa jikoni akala isyo ya mahindi na maharagwe. Huko mtoni ni mwendo wa saa nzima. Alienda saa ngapi?"

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia mama hawezi kuacha kumtetea mtoto wake.

Mtaniuliza kwa nini sikumwamini. Nitawaambia, na ni aibu. Miaka miwili kabla ya hapo kijana huyo alimpa msichana wa watu mimba. Nilimwuliza, akakataa mbele yangu akiwa amekaza macho. Nikamtetea kwa majirani mpaka nikaapa. Mtoto akazaliwa na masikio yangu haya, makubwa, hata hakuna haja ya shahidi. Nilichekwa sokoni. Kwa hiyo safari hii nikasema moyoni: sitamwuliza tena anidanganye. Mwongo wa jana ni mwongo wa leo. Nilimhukumu mimi kabla ya hakimu kupata faili.

Sasa, sisi Wakamba tuna njia yetu. Nyumba yako ikikosea nyumba ya mtu, hungoji. Unachukua mbuzi, unachukua wazee wawili, unakwenda kwa heshima kutuliza maneno. Ni desturi nzuri, siitukani. Imezuia damu nyingi. Nami nikaona nikiwahi, ile familia itaondoa kesi, na jina langu kanisani litapona. Semeni ukweli pamoja nami: nilikuwa nafikiria jina langu. Siku ya tatu nikamburuta mbuzi mpaka ng'ambo. Nikasimama kwa ua wao nikasema, "Tumekuja kuomba msamaha." Kijana alikuwa rumande Kitui, sikuwa nimemwona hata mara moja.

Mbuzi walimpokea, lakini kesi hawakuiondoa. Hata kama wangetaka, polisi walisema hii si kesi ya kuchinjiwa.

Tukaenda kortini. Wakili hatukuwa na habari naye. Siku hizo, na hata leo, serikali inakupa wakili ukiua. Kwa kosa la namna hii unajisimamia. Na watu walisema, mshtakiwa wa jambo chafu kama hilo wakili wa nini? Hata mimi nilisema hivyo. Basi kijana akasimama kizimbani peke yake, mtu wa darasa la saba, na hakimu akamwuliza mashahidi wake ni nani. Akasema, "Baba yangu na mama yangu."

Nikasema mama abaki nyumbani. Mambo ya namna ile, na maneno ya namna ile, mke wangu asimame mbele ya wanaume ayataje? Nyumba ina msemaji wake. Nitakwenda mimi.

Yule mjane alisema mbele yangu. Safari hii hakusema hakuona uso. Alimnyooshea kijana kidole akasema, "Ni yeye." Akasema ilikuwa jua likizama, akisikia watu wakiingiza mbuzi zizini upande wa pili. Nikasikia hayo, na kichwani mwangu hayakugusa chochote. Mke wangu aliyekuwa ameniambia habari za mbuzi kuingia alikuwa nyumbani akipika.

Nikaitwa. Nikaapa na Biblia. Nikasema mtoto wangu ni mchapa kazi. Inspekta wa polisi aliyekuwa akiendesha mashtaka akasimama polepole, na karani wa korti akawa anatafsiri Kikamba changu.

"Mzee, baada ya mtoto wako kushikwa, ulikwenda kwa huyu mama?"

"Nilienda."

"Mikono mitupu?"

"Hapana. Na mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kuomba msamaha."

"Msamaha wa kitu gani?"

Ndugu zangu, kalamu ya hakimu ilikuwa ikingoja. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni desturi yetu. Nikasema, "Wa kile mtoto alifanya." Kwa mdomo huu huu ninaokula nao meza ya Bwana.

Inspekta akaketi. Hakuhitaji zaidi. Hakimu akamgeukia kijana, akamwambia huyu ni shahidi wako, una swali la kumwuliza? Nilifikiri atalia. Hakulia. Alishika ule ubao wa kizimba akasema, "Baba, mimi nimewahi kukuambia nilifanya?"

Nikasema, "Hapana."

"Uliwahi kuniuliza?"

Nikasema, "Hapana."

Hakimu akaandika. Kisha akamfunga miaka saba, na viboko juu yake. Akasema baba mzazi, mtu wa kanisa, hawezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo halipo.

Sasa mjue jinsi nilivyoanguka. Sikuanguka kwa kishindo. Niliacha kwanza kusali, nikawa naketi tu kanisani kama gunia. Kisha nikaondolewa uzee wa kanisa, wakisema nyumba yangu ina doa. Nikafurahi, ndugu zangu, kwa sababu nilipata ruhusa ya kunywa. Pombe ya kaluvu niliijua kuanzia asubuhi. Ng'ombe wa watu niliwapeleka Mwingi nikarudi bila hesabu ya kueleweka. Mke wangu hakunigombeza. Aliacha tu kusema nami. Alipakua chakula, akaweka, akatoka. Mwaka mzima. Ninyi wanaume mnaocheka hapo mbele, ombeni msijue nyumba ya namna hiyo.

Kumbe mwenzangu hakuwa amekaa. Alikuwa akienda Kitui kuuza kuku, na huko alikuwa na rafiki, mama Mwislamu mwenye duka la nguo, watu waliotoka pwani zamani. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Sisi wa kanisa hatukuwa tumemsikiliza hata mwanzo. Akampeleka kwa wakili mmoja kijana aliyekodi chumba juu ya duka. Siku moja mke wangu akaja, akasimama mlangoni, akasema maneno ya kwanza ya mwaka ule: "Vaa viatu. Wakili anataka kukuona, na usinywe leo."

Nilivaa, nikaenda bila kunywa. Wakili alikuwa na rundo la karatasi, ile rekodi ya kesi, amezichora chora kwa kalamu nyekundu. Hakunisalimu sana. Akamwuliza mke wangu, "Mama, jua likizama siku ile, mtoto alikuwa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Kwa nini haya hayako kwenye rekodi?"

Mke wangu alinigeukia. Aliniangalia tu. Wakili naye akaniangalia. Hapo ndipo kilichokuwa kimekaza ndani yangu kwa mwaka mzima kilikatika. Nililia mbele ya mtu mdogo kuliko mwanangu. Nikasema, "Nilimfunga mimi." Akaniacha nilie, kisha akasema, "Mzee, ulimfunga, lakini yeye alijifungulia dirisha." Akanisomea yale maswali mawili, na yale majibu yangu mawili. Hakimu alikuwa ameyaandika, hakuyapima. Akasema mbuzi ni wako, si wa mtoto. Mtu hakiri kosa kwa mdomo wa baba yake.

Rufaa ilikuwa imechelewa, ikabidi kuomba ruhusa. Ilichukua muda mrefu kuliko mimba mbili. Mwishowe tukaitwa Mahakama Kuu, Nairobi. Jaji alikubali mama asikilizwe. Alisimama pale na leso yake kichwani, akasema ya jikoni, akasema ya mbuzi, mstari kwa mstari, na wakili wa serikali alipombana akajibu, "Saa sina, lakini mbuzi wangu hawajawahi kuingia zizini mchana." Wakili akasoma pia maneno ya kwanza ya mjane kwa chifu, kwamba uso hakuuona. Jaji akaona giza ni jingi katika kesi ile. Akamwachilia kijana. Alikuwa amekaa ndani miaka mitatu kasoro kidogo, na viboko alikuwa ameshachapwa. Hivyo havina rufaa.

Hapa mngependa niseme Haleluya. Ngojeni.

Baada ya hapo nilivuka mto kwenda kwa yule mjane. Sikubeba kitu. Nilitaka kumwambia sina chuki. Alinipa kiti, akaniangalia sana, akasema, "Mzee, mimi sikumjua yule mtu. Nilikuwa nalala nikitafuta uso wake, siupati. Kisha wewe ukaja na mbuzi. Nikasema, kama baba yake amekubali, basi ni yeye. Ulinipa uso, nikaacha kutafuta. Na polisi wakaacha." Akatazama upande wa mto. "Sasa huyo mwingine yuko wapi?"

Niliondoka na swali hilo. Mpaka leo hajapatikana. Huyo mtu huenda alizeeka vizuri, huenda aliketi kwenye mabenchi kama haya. Kwa haraka yangu niliwadhulumu wawili: niliyemzaa na aliyeumizwa. Yule mama amekwisha kufa, na alikufa bila kujua. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ninamlea kila siku.

Namshukuru mama wa duka, ambaye Jumapili hamtamwona hapa lakini Mungu anamwona. Namshukuru wakili, ambaye watu walimtukana kwamba anatetea wabaya. Nawashukuru ninyi mlionirudisha. Na mama watoto, umeketi hapo dirishani unajifanya unarekebisha leso. Ulikuwa na kesi yote jikoni kwako, na mimi nikakuziba mdomo. Nakuomba radhi mbele ya watu.

Na ninyi nyumba ya Alhamisi. Mbuzi mfungeni, abaki zizini. Kesho asubuhi nendeni polisi, mkaketi na kijana, mkamwulize. Akisema nilifanya, mlieni, mkamwambie aseme mwenyewe mbele ya hakimu, ili yule msichana aliyeumizwa aamke ajue ni nani. Msimnunulie ukimya. Akisema sikufanya, hata kama amewahi kuwadanganya mara kumi, mtafutieni wakili, na kila aliyemwona siku hiyo apelekwe kortini, mwanamume kwa mwanamke. Kutetewa si kusifiwa. Ni kutafuta ukweli mahali penye watu wawili wanaoudai.

Nami nilimwuliza wangu, hatimaye. Ni siku aliyotoka, nje ya lango la jela. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu kwa wakili. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, ulifanya?" Alikuwa amekonda, na mgongo anautembeza kama si wake. Aliniangalia bila hasira. Akasema, "Mzee, jaji ameshakujibu." Kisha akachukua kikapu cha mama yake, wakatangulia wao wawili kwenda kituo cha basi.

Tangu utoto alikuwa akiniita baba. Sasa anakuja Krismasi na watoto wake, ananiletea sukari, ananiheshimu kuliko watoto wangu wengine wote. Ananiita mzee.