Mabomba Tisa ya Naisiae

Mgeni rasmi, Daktari Swabaha, Mganga Mkuu wetu wa Halmashauri. Wazee wetu, shikamooni. Mama Theresia, mzazi wa marehemu, uliyekaa hapo mbele. Na wote mlioacha shamba na soko mkaja.

KARIBU

Sisi ni vijana wa kitongoji cha Mferejini, hapa Akheri. Karibu sana, na pole na tope. Anayekusomea ni Lucky, huyu mwenye simu mkononi. Usimwone hana adabu, risala imo humo humo kwenye simu. Karatasi tuliharibu tatu, kila anayeshika kalamu analia.

NAISIAE ALIKUWA NANI

Alizaliwa kwenye ile nyumba ya bati la kijani. Alikua na meno ya kahawia kama sisi wote. Ukienda mjini, ukicheka tu, mtu anajua umetoka wapi, ndiyo maana Naisiae shuleni alikuwa anacheka ameziba mdomo. Akasoma, akasoma, akawa mtaalamu wa afya ya jamii, akarudi anacheka mdomo wazi kabisa. Akatuambia ni madini ya floraidi, yanatoka kwenye miamba ya mlima wetu huu, yanaharibu meno ya watoto, na yakizidi yanapinda mifupa. Bibi mmoja akamwambia yeye maji yake huwa anachemsha. Naisiae akamjibu, "Bibi, ukichemsha unaua vijidudu. Floraidi haifi, inakusubiri humo humo kwenye sufuria."

ALICHOTUFANYIA

Tuna mabomba tisa, na chemchemi zake ni tofauti. Miaka miwili, kila Jumamosi, masika na kiangazi, alipita na vichupa vyake akipima. Alipopata uhakika akaja na makopo mawili ya rangi. Bomba la bluu, kunywa. Bomba jekundu, kufulia na kumwagilia tu. Siku hiyo Lucky alimpiga picha mfululizo mpaka akachoka naye. Akamwambia, "Wewe Lucky, sura yangu si utaiona kila siku? Piga bomba."

Lucky akacheka, akapiga sura.

Siku kumi na moja baadaye, akishuka Tengeru kwa bodaboda kwenye mvua, tukampoteza. Miaka ishirini na tisa. Vichupa kwenye begi lake havikuvunjika hata kimoja.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie.

Tulisikia wakubwa watakuja kuzika. Unatujua, mgeni mkubwa akija tunapaka chokaa: mawe ya barabarani, mashina ya miti, kila kitu. Tulitaka azikwe kwa heshima. Tukafika kwenye mabomba, na kwa kuwa chokaa haishiki kwenye chuma, tukachanga tukanunua rangi nyeupe ya mafuta. Tukaikwangua kwanza ile ya zamani ili nyeupe ishike vizuri. Mabomba yote tisa. Yakapendeza kweli.

Hakuna aliyeshtuka. Matanga yalipoisha, Mama Theresia akaenda kuchota maji, akasimama na ndoo yake. Akatuuliza, wala hakupaza sauti, "Mwanangu aliniambia nichote la bluu. Liko wapi?"

Tangu siku ile tunabishana. Kila mtu anakumbuka kwamba bomba la karibu na kwake ndilo lilikuwa la bluu. Mzee Eliud ameapa hadi kanisani. Daftari la Naisiae hatujaliona. Simu yake ina namba ya siri, na Mama anaichaji kila Jumapili, akiiweka mezani kama mtu atapiga. Lucky ana picha mia mbili na kumi za siku ile. Amezikuza moja moja. Mabomba yanayoonekana, nyuma ya bega la Naisiae, ni matatu. Mawili mekundu. La bluu ni lile la juu kanisani, ambalo ikifika saa nne asubuhi limeshakauka.

Sita hatujui. Ni mwezi wa tano sasa tangu tumzike.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba, barabara ikiwemo. Jana tulikaa tukafuta sita. Tunaomba mtu mwenye kipimo, aje atupimie hayo mabomba sita. Rangi tutanunua wenyewe. Jiwe la kumbukumbu utakalolifungua leo ni zuri, lina jina lake na picha aliyopiga Lucky. Ila tunamjua Naisiae, angelipita bila kuliangalia, akainama bombani.

Umeona njia nzima hatukukupakia chokaa hata jiwe moja. Hatujakudharau, mgeni rasmi. Tunaogopa brashi.

Na hiyo chai iliyo mbele yako, kunywa bila wasiwasi. Imepikwa kwa maji ya dukani, tumeyafuata Tengeru asubuhi. Wale watoto waliokuimbia getini wamekunywa ya bomba.

Mungu akurudishe salama kwako, amlaze Naisiae pema, na awatunze watoto hawa mpaka mwenye kipimo afike.

Ni sisi,
Vijana wa Mferejini, Akheri