Msaidizi Anayehesabu Sekunde

Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi ya Paris, kuelekea studio za Saint-Denis, mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akitafsiri wasifu wake kwa Kiingereza ili aombe kazi ya televisheni London. Mwanaume jirani yake, mtafsiri, akachungulia bila kualikwa, akaona jina la Kifaransa la kazi yake ya kusimamia muda wa vipindi.

“Scripte? Andika msaidizi wa utayarishaji, mama. Ndivyo wanavyowaita kule.”

“Msaidizi! Miaka kumi na tisa vipindi vya moja kwa moja vinaenda kwa sauti yangu. Nikianza kuhesabu sekunde, hata mwongozaji ananyamaza. Msaidizi awe shangazi yako!”

“Shangazi anauza jibini. Lakini ukibakiza jina la Kifaransa, wataupita wasifu wako.”

Nilijua anasema kweli, nikamchukia kidogo.

Mama akaliandika jina lile la msaidizi, akalikata, akaliandika tena. Chini yake akaongeza: “Ninahesabu sekunde, na sikosei.”

“Nani atakuamini?” mtafsiri akauliza.

Breki zikaanza kulia. Mama akasimama, akafumba macho. “Tano, nne, tatu, mbili, moja.”

Milango ikafunguka. Behewa zima likapiga makofi.

“Usilikate tena!” mtafsiri akapaza sauti.

“Nitafikiria,” mama akajibu, ameshashuka kwenye jukwaa la kituo, kalamu bado mkononi.