Kazi ya Mabrouk

Baraza yetu iko Sokomuhogo, mbele ya duka lililofungwa tangu Mapinduzi, na kila mtu ana pahala pake. Redio, ambaye jina lake hasa ni Machano, hukaa katikati ili asikike. Hamad Sukari hukaa karibu na mdila wa Mzee Mkadam, muuza kahawa. Suud Kushoto, winga hodari kabla ya kuumia goti, hukaa mwisho. Pale penye nguzo palikuwa pa Mabrouk, mwalimu wa mpira wa timu ya chuo. Tangu walipokuja kumchukua kwa gari, hakai mtu pale, wala jina lake halitajwi. Tumekuwa watu wa namna hiyo, na nachukia kusema kwamba tumezoea. Alasiri hiyo, mwaka wa foleni za unga, Suud alikuja na habari: chuo kinamtaka yeye awe mwalimu wa timu, na jibu wanalitaka kesho asubuhi.

Redio: Unangoja nini, yakhe? Hiyo si kazi, hiyo harusi! Nyumba Bububu, maji ya mfereji ndani kwa ndani.

Sukari: Nyumba si kitu. Mwalimu wa timu hapangi foleni, bwana. Mchele wake na sukari yake vinamfuata mlangoni.

Suud: Na wachezaji?

Redio: Wachezaji nini tena?

Suud: Wana viatu? Wana mpira wa maana?

Sukari: Wewe mtu wa ajabu, wallahi. Nani anaitaka kazi ile kwa sababu ya mpira?

Tukacheka. Suud hakucheka. Maskini, yeye mpira aliupenda kweli.

Redio: Sikiliza. Wakubwa wanakuja uwanjani, wanakupa mkono mbele za watu. Mtu kapewa mkono na mkubwa, nani atamgusa?

Macho yetu yote yakaenda kwenye nguzo, yakarudi haraka.

Sukari: Ukishinda mara mbili tu, unapelekwa Ujerumani kusomea. Unarudi na friji na koti la manyoya.

Redio: Koti! Huyu atarudi balozi. Filimbi yake akiipuliza Mnazi Mmoja, mpaka saa ya Beit-al-Ajab inasimama!

Suud: Na mtoto wa mkubwa akitaka kucheza, na mpira haujui?

Hapo kicheko kikatukauka. Mabrouk alimwacha nje mtoto wa mkubwa mmoja siku ya fainali, na timu ikashinda. Sote tulikuwepo, tukambeba Mabrouk mabegani. Wiki ile ile gari ikaja.

Mkadam: Utampanga.

Suud: Akikosa magoli?

Mkadam: Utampigia makofi.

Suud: Na nikiikataa kazi yenyewe?

Redio: Ukikataa... utaulizwa kwa nini umekataa.

Akatokea mtu mzima na pakacha mkononi, kanzu imejaa vumbi la safari. Akatoa salamu, akamwamkia Mzee Mkadam shikamoo, kisha akaketi pale penye nguzo. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Mgeni: Mimi Pandu, natoka Chwaka. Nimewasikia tangu kule konani mnavyoisifu kazi ya timu ya chuo. Nzuri hasa?

Redio: Nzuri sana.

Pandu: Ina nyumba, ina chakula, na wakubwa wanakuheshimu?

Sukari: Vyote hivyo.

Pandu: Basi ndugu yangu Mabrouk kaiachia nini? Chuoni wananambia hayupo kazini, hawasemi zaidi. Mama kanituma nimuulize mwenyewe. Nimemletea na changu wa kukaanga, anawapenda.

Redio, anayejua habari za dunia nzima, alikitazama kikombe chake. Sukari akajikuna shingo. Mzee Mkadam akauinamisha mdila, yakatoka machicha matupu.

Suud akainuka, akaenda kukaa pale penye nguzo, bega kwa bega na mgeni. Akafumbua kinywa. Mzee Mkadam akaangaza kichochoro huku na huku, halafu akamkazia macho. Suud akafumba kinywa, akalipokea pakacha.

"Kasafiri kidogo," alisema. "Akirudi, ntampa."

Pandu alimshukuru sana, akamwombea dua. Nasi tulijua kesho asubuhi Suud atawajibu nini chuoni.